Mwozeshaji na Daftari Lake

Kila Mfunguo Mosi ukiingia hapa Amu, mazungumzo ya barazani hugeuka. Habari za samaki na za bandari ya Kililana huwekwa kando, watu wakaanza kuulizana: binti wa fulani aolewa lini, na ataozeshwa na nani? Swali hili la pili ndilo ninalotaka kulitazama leo, kwani naona linaulizwa sana na kujibiwa vibaya.

Mimi si kadhi wala si mwanachuoni. Nilisoma chuoni kama walivyosoma wenzangu wa rika langu, nikahitimu msahafu, nikapitishwa katika vitabu vidogo vya fiqhi, basi. Lakini kwa kuwa huombwa mashairi ya kuwasifu maharusi, hualikwa katika nikaha nyingi, na mtu wa mashairi huketishwa mbele, karibu na sheikh. Kutoka pale mbele nimeona mambo ambayo walio nyuma, wenye kungojea halwa na kahawa, hawayaoni.

Sababu za kumchagua mwozeshaji ni zile zile kila mwaka. Mmoja atasema, "Twamtaka sharifu fulani, kwa baraka za ukoo wake." Mwingine atasema anamtaka sheikh wa Mombasa kwa kuwa sauti yake ni tamu na hotuba yake haichoshi. Siku hizi imezuka sababu ya tatu, nayo ni kwamba sheikh apendeza katika video. Wapo waliomleta mtu kwa ndege hadi Manda, akavushwa kwa boti, akasoma hotuba ya dakika kumi, akala pilau, akarudi zake na ndege ya jioni.

Nami sina ugomvi na baraka wala na sauti. Mji huu umelelewa na elimu ya masharifu. Tangu Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, alipohamia hapa katika karne ya 19 na kuanzisha darasa zilizokuja kuwa Msikiti wa Riyadha kule Langoni, hakuna Mwamu mwenye haki ya kuibeza heshima hiyo. Ila katika sababu zote hizo sijasikia mzee wa harusi akiuliza: je, huyu sheikh ana idhini ya kuandikisha ndoa? Daftari lake li wapi? Na hati ya ndoa watoto wetu wataipata siku gani?

Tuanze na dini yenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafii nguzo za nikaha ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili waadilifu, na tamko la kuoza na kukubali. Zihesabu tena, ndugu msomaji, na utaona kuwa mwozeshaji hamo. Baba akimwambia mkwewe kwamba amemwoza binti yake fulani kwa mahari kadha, na kijana akajibu kuwa amekubali, na mashahidi wakasikia, ndoa imefungika, hata kama pale hapana joho wala kilemba. Yule sheikh tunayemgombania ni wakili wa walii tu. Baba amempa ulimi wake amsemee. Hata hotuba anayoisoma ni sunna.

Basi ikiwa nikaha yaweza kusimama bila yeye, huyu bwana huja kufanya nini? Huja kuhakikisha. Huja kuuliza kama walii ni huyu kweli au yuko aliye karibu zaidi. Kama bibi harusi ameulizwa na ameridhika. Kama ametimia umri. Kama aliyeachwa amekwisha eda yake. Mahari ni kiasi gani, ipi iliyotolewa na ipi iliyobaki deni. Na akishauliza, aandike. Kazi yake yafanana na ya hakimu na karani kuliko ya msomaji wa maulidi. Mimi nimeketi karibu na masheikh wanaouliza yote hayo kwa utulivu huku watu wakinong'ona kwa kuchoka, na nimeketi karibu na wengine wasiouliza lolote, wakafungua hotuba moja kwa moja kwa sauti ya kuliza watu. Hao wa pili ndio wanaosifiwa njiani tukirudi nyumbani.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya Kenya iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2014 ilizifuta sheria za zamani zilizokuwa zimetawanyika, zikiwemo zile za Waislamu zilizotungwa wakati wa Mwingereza na ile ya Wahindu ya mwaka 1960, ikakusanya ndoa za watu wote mahali pamoja. Wengi wetu waliiogopa wakidhani imekuja kutunyang'anya sharia yetu. Lakini yenyewe imetamka kwamba kipengele chake kinachopingana na sharia ya Kiislamu hakitawahusu Waislamu. Na kuhusu mwozeshaji wa Kiislamu inawataja watu wanne: kadhi, sheikh, mukhi na imamu, kwa sharti kuwa wameidhinishwa na Msajili. Inampa mtu huyo kazi tatu: aandike maelezo ya ndoa, awape wenye ndoa hati, na apeleke kumbukumbu kwa Msajili. Sauti tamu haikutajwa.

Neno "mukhi" lisikupite hivi hivi. Mukhi ni mkuu wa jamatkhana ya Waismailia, wale Mahoja wanaomfuata Aga Khan. Limeingiaje katika sheria ya Kenya, nao ni watu wachache hivyo? Endelea kusoma sheria ile ile, pale inapotaja njia za kuithibitisha ndoa. Baada ya kutaja hati na daftari la serikali, inayataja kwa majina madaftari yanayowekwa na jumuiya za Mahoja Ithnaasheri, Waismailia na Mabohora. Yaani Bunge limesema kwamba hawa, kitabu chao cha jamaa ni ushahidi kortini. Sisi Masunni wa Pwani, tulio wengi kuwashinda mara nyingi, wenye misikiti iliyojengwa kabla Mreno hajafika, kitabu chetu hakikutajwa. Wapo watakaoita jambo hilo upendeleo. Mimi naona sababu ni nyepesi zaidi: wao walikuwa na kitabu cha kutajwa.

Watu hao si wageni kwetu. Tangu zama za Masultani wa Unguja, Mabohora na Mahoja Ithnaasheri wameishi Amu, wakiuza nguo, vyuma na vyakula, na misikiti yao waliijenga katikati ya mji. Wengi wao wamekwisha kuhamia Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Wazee wetu waliwajua vizuri dukani, lakini harusini mwao hawakuingia sana, na ndiyo maana hatukujifunza lililokuwa mlango wa pili.

Kwao hakuna soko la masheikh. Bohora akitaka kumwoza mwanawe hafikirii amkodi nani. Yuko amili, aliyetumwa na Dai wao aliye Bombay, na nikaha haifungwi mpaka ipatikane raza, ndiyo idhini ya Dai. Ithnaasheri ana jamaa yenye ofisi, na mwanachuoni anayelipwa na jamaa. Mismailia ana mukhi na msaidizi wake, kamadia. Katika jumuiya hizi zote ndoa hufungwa na kuandikwa palepale, kitabu kikabaki kwenye jamaa. Sheikh akifa au akihama, kitabu hakihami naye.

Nisije nikaonekana ninawapamba. Mpango huo una ubaya wake, nao si mdogo. Panapokuwa na mlango mmoja tu wa kuolewa, mwenye ufunguo huwa na nguvu nyingi mno. Wanamageuzi wa Kibohora kule India wamelalamika kwa miaka mingi kwamba anayepingana na uongozi hunyimwa nikaha na hata mahali pa kuzikwa. Na alipofariki Sayyidna Mohammed Burhanuddin Januari 2014, kukazuka mgogoro wa nani amrithi, uliokwenda mpaka Mahakama Kuu ya Bombay na kuamuliwa Aprili 2024 kwa upande wa mwanawe, Sayyidna Mufaddal Saifuddin. Kwetu ilikuwa habari ya magazeti. Kwa Bohora lilikuwa pia swali la nyumbani: idhini ya kumwoza binti yangu niiombe kwa nani? Sisi hatuna taabu hiyo, na tumshukuru Mungu. Mwislamu wa Shafii aweza kuozeshwa na mwalimu yeyote aijuaye kazi. Lakini uhuru huo umetufanya walegevu.

Wahindu nao wana njia yao. Familia humtafuta maharaj wanayemwamini, wakamtaka atazame kalenda yao aseme saa ya heri, na siku yenyewe husoma Kisanskriti mbele ya moto huku maharusi wakipiga hatua saba. Ya saba ikikanyagwa, ndoa imetimia. Masingasinga wao huzunguka kitabu chao kitakatifu mara nne. Kwa watu hao kisomo ndicho ibada yenyewe, hivyo mtu akimchagua msomaji hodari ana hoja. Ajabu ni sisi, ambao fiqhi yetu imeweka uzito kwenye walii, shahidi na tamko, kumchagua mwozeshaji kana kwamba kisomo chake ndicho kinachofunga.

Mambo huwa mazito zaidi nyumba mbili zinapochanganya damu, jambo linalozidi kutokea tangu vijana wetu waanze kusoma na kufanya kazi Mombasa na Nairobi. Si kila Mhindi Mwislamu ni sawa. Mkokni ni Shafii kama sisi, na sheikh wa Amu hana la kubadilisha. Mmemon na Mpunjabi aghalabu ni Hanafi, na kwao mwanamke mzima mwenye akili zake aweza kujioza. Wana desturi nzuri ya kumtuma wakili pamoja na mashahidi wawili hadi chumbani kwa bibi harusi, aulizwe kwa jina la mume na kiasi cha mahari, ajibu mwenyewe. Karatasi yao ya nikaha ina nafasi ya kuandika mahari yaliyotolewa na yaliyoahirishwa. Huku kwetu walii pia humwendea binti kumtaka idhini, lakini mara nyingi ni jambo la dakika moja, mama na shangazi wamemzunguka, naye amejifunika ushungi. Akinyamaza, wakatoka wakisema ameridhika. Kunyamaza kwa mwanamwali kumekubaliwa katika hadithi, ndiyo. Lakini asiyeulizwa naye hunyamaza.

Kwa Bohora ndipo penye mtihani. Amili hatamwozesha binti wa Kibohora kwa kijana wa Kisunni mpaka kijana aingie katika ahadi yao, misaki. Kijana akikataa, familia huvunja posa au huvunja uhusiano. Wengine hutafuta njia ya kati, wakafunga nikaha mbili: asubuhi kwa amili, usiku kwa sheikh wetu, kila upande uridhike. Naijua nyumba moja, siitaji, iliyofanya hivyo kwa nia njema kabisa. Wakawa na karatasi mbili zenye tarehe mbili, na katika kila karatasi mahari tofauti, kwa kuwa kila upande ulitaja kiasi cha kuwapendeza watu wake. Mume alipofariki, deni la mahari lilipaswa kutolewa kwanza kabla mirathi haijagawanywa. Lipi? Ndugu wa marehemu wakaleta karatasi ya kiasi kidogo, mjane akaleta ya kiasi kikubwa, na watu waliokula pilau pamoja wakawa hawasalimiani. Rai yangu ni kwamba nikaha ni moja. Ile ya kwanza iliyotimia nguzo ndiyo ndoa, na kinachofuata ni dua. Wazee wa pande mbili wakubaliane hayo tangu siku ya posa, wakiwa bado wanacheka, na kiasi cha mahari kiandikwe mara moja tu.

Kuna pia binti wa Kihindu au wa Kizungu aliyesilimu ili aolewe na kijana wetu. Baba yake, kwa kuwa si Mwislamu, hawezi kuwa walii wake. Tumesoma sote kwamba mtawala ndiye walii wa asiye na walii, na katika nchi hii mamlaka hayo tumeyazoea kwa kadhi. Pwani ilipoungana na Kenya, makubaliano ya Oktoba 1963 yalizihifadhi korti za makadhi, na Katiba ya 2010 ikazithibitisha. Sheikh aliyekodiwa kwa haraka, akamwozesha mtu ufukweni jua likizama kwa kuwa picha zitatoka vizuri, ameshika nafasi ya nani? Nimealikwa katika nikaha ya namna hiyo, nikaombwa beti. Nilipouliza walii ni nani, nikaambiwa, "Mzee, usitie baridi."

Lakini tusiwasimange wa ufukweni peke yao. Tatizo kubwa liko visiwani kwetu, nako ni kimya. Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu: huko mwozeshaji ni mwalimu wa chuo, mtu mwema, aliyewafundisha bwana na bibi harusi alifu kwa kijiti. Nikaha anayofunga ni sahihi mbele ya Mwenyezi Mungu. Ila hana idhini ya Msajili, hana daftari, na kufika Amu mjini ni safari ya boti inayongoja maji yajae katika mkondo wa Mkanda. Mafuta ni ghali, siku ya kazi inapotea, na maharusi husema tutaandikisha baadaye. Baadaye mume huenda kuvua Kiunga au kutafuta kazi Uarabuni, watoto wanazaliwa, mwaka wa kumi unafika.

Mjane mmoja wa kisiwa cha Pate alinieleza yaliyompata. Mume wake alifia safarini akiwa na fedha kidogo benki. Benki ikataka hati ya ndoa. Hakuwa nayo. Kadhi aweza kuithibitisha ndoa kwa kusikiliza mashahidi, lakini shahidi mmoja alikuwa amekwisha kufa na wa pili yuko Uarabuni. Mwalimu aliyemwozesha alikuwa mzee asiyekumbuka mwaka. Akavuka maji mara baada ya mara, akilala kwa jamaa Mkomani, mpaka wakapatikana watu waliokuwapo siku ile. Alichoniambia kwa uchungu si nauli wala usumbufu. "Baba," akasema, "niliolewa mbele ya mji mzima, kisha nikaambiwa nithibitishe kuwa sikuwa hawara."

Jambo hili limezidi kuwa la haraka tangu tarehe 30 Juni 2025. Siku hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya mirathi iliyotoka hapa Pwani, iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu wasinyimwe urithi wake kwa sababu tu ya kuzaliwa nje ya ndoa. Barazani kwetu hukumu hiyo imejadiliwa kwa hasira, na wanachuoni wetu wameipinga kwa hoja za fiqhi wanazozijua wao kuliko mimi. Lakini katikati ya makelele hayo nani ameona upande wa pili? Kesi kama hizo huanza kwa ubishi wa nani alikuwa mke na nani hakuwa. Tukitaka kortini pajulikane tofauti ya mke wa nikaha na asiyekuwa wa nikaha, basi sisi ndio wa kwanza tunaopaswa kuwa na karatasi ya kuionyesha. Hatuwezi kuigombania heshima ya nikaha kwa ulimi na kuiacha bila ya wino.

Tena kuandika si mambo ya Kizungu. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, kidogo au kikubwa, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na kukataza yeye na shahidi wasidhuriwe. Mahari yaliyobaki ni deni. Sasa tazama tunavyofanya: ng'ombe wa harusi huandikwa, mchango wa kila mwanamke huandikwa katika kitabu cha mama wa bibi harusi, mpaka khanga na sinia, mahari ya binti husemwa mdomoni.

Hapo tena huja suala la malipo, ambalo watu wa adabu hawapendi kulitaja. Mpambaji ana bei yake na hutaka arubuni. Mpiga picha vivyo hivyo, na mpishi. Sheikh peke yake hatakiwi kusema bei, wala mwenye harusi hathubutu kuuliza; hutiwa bahasha mkononi wakati wa kuagana, naye huitia mfukoni bila ya kuitazama. Ada hiyo ni nzuri kwa zawadi, na naomba isife. Lakini nauli ya boti si zawadi, wala ada ya hati, wala siku nzima ya mtu kwenda kupeleka kumbukumbu kwa Msajili. Kwa kuwa hayatajwi, sheikh mwenye haya hukaa kimya, na karatasi hukaa nyumbani kwake chini ya mto. Najua sheikh mmoja aliyekaa na maelezo ya ndoa za miaka miwili katika sanduku la biskuti. Hakuwa mvivu. Hakuna aliyemuuliza, wala aliyempa nauli.

Kwa hivyo ninasema vitenganishwe. Bahasha ya heshima iende kimya kimya kama zamani, na gharama za kuandikisha zitajwe wazi siku ya kupanga harusi, zitiwe katika hesabu moja na mchele, mbuzi na mafuta ya jenereta. Kamati za misikiti ya Faza, Siyu na Kizingitini zimpendekeze kila moja mtu wake, imamu au mwalimu, aombewe idhini ya Msajili kupitia kwa kadhi, na daftari liwe mali ya msikiti, lisiende na mtu. Sharifu wa baraka aje, na sheikh wa Mombasa mwenye sauti aje pia akitakiwa, asome hotuba yake na apigwe picha. Pembeni yake aketi mwenye kitabu.

Na aliye na harusi Kizingitini mwezi huu, akimtaka mwozeshaji kutoka mjini, aulize kwanza maji yatajaa saa ngapi Mkanda, ndipo awatangazie watu saa ya nikaha.